Meno ya Tairi

Katika viungo vyote vya gari hapana kinachotazamwa kwa mapenzi machache kuliko tairi. Hutazamwa siku linunuliwapo na siku lipasukapo. Siku zilizobaki hukanyaga uchafu wa dunia bila ya shukrani. Walakini uhai wa wote waliomo garini umesimama juu ya vipande vinne vya mpira, na kila kimoja, pale kinapogusa ardhi, hakizidi sana wayo wa mtu mzima. Injini iwe na nguvu za farasi mia tatu, breki ziwe mpya, dereva awe hodari wa mahodari, nguvu zao zote hupita katika wayo huo kabla ya kufika ardhini. Wayo ukikataa, nguvu hizo ni kelele tu.

Kwa kuwa wayo huo hauonekani gari liendapo, mnunuzi hutazama kinachoonekana, yaani meno. Na katika maduka ya matairi, ya Dar es Salaam na ya ng'ambo sawasawa, tairi linalovuta macho ya wanaume ni lile la matope. Kashata zake ni nene kama vipande vya matofali, mifereji iliyo kati yake hupitisha vidole viwili, na hata ubavuni mwake mna michongo. Umbo lake latisha, na mnunuzi hudhani kuwa kitishacho jicho huitisha na njia. Dereva mmoja, mwenyeji wa Lindi, alidhani hivyo kwa miaka mingi, wala hakudhani bila ya sababu.

Alijifunza kazi katika barabara ya kusini, iendayo Lindi na Mtwara kutoka Dar es Salaam, alipokuwa utingo wa lori katika mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Wakati huo Daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa, maana lilifunguliwa mwaka 2003. Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko pale Ndundu. Aliyekwisha kuvuka hakuwa amepona, kwa sababu mbele yake kulikuwa na kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilometa 60 tu kwa hesabu, lakini mvua ikinyesha kilometa hizo ziliweza kula siku tatu, pengine juma zima. Malori yalipangana kama siafu. Watu walipika, wakalala, wakaugua, wakauza shehena iliyokuwa ikioza, yote chini ya matandiko ya malori. Utingo alishuka na koleo, akachimba, akatandika matawi, akafunga minyororo katika magurudumu ya nyuma, na pasipokuwa na minyororo akafunga kamba.

Dereva wake alikuwa mzee aliyewahi, katika ujana wake, kuchukua mafuta kwenda Zambia. Ilikuwa katika miaka iliyofuata 1965, Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi wachache na mafuta ya Zambia yakakosa njia ya kusini. Mapipa yakapandishwa malori Dar es Salaam, yakapelekwa kwa barabara ya vumbi na tope ambayo madereva wa Kizungu waliiita Njia ya Jehanamu, hata bomba la mafuta lilipokamilika mwaka 1968. Mtu aliyetoka katika chuo hicho hakuhitaji cheti. Siku moja, lori lilipokuwa limenasa hata mhimili, utingo alitaka mafuta yakanyagwe kwa nguvu. Mzee akazima injini.

"Mwanangu," akasema, "tope si adui wa tairi. Adui ni tope lililoshika katika meno. Tairi lisilotapika limekwisha kufa."

"Sasa tufanyeje, mzee?"

"Lizungushe kidogo litapike, kisha uache. Ukizidi unajichimbia kaburi, tena kwa mafuta ya tajiri."

Maneno hayo yalikuwa elimu kamili ya matope. Udongo wa mfinyanzi ukinywa maji huwa laini na wenye kunata pamoja. Tairi lenye mistari myembamba hujaa udongo huo katika mzunguko mmoja, na likishajaa huwa kama chungu kibichi: laini, la mviringo, lisilo na pa kushika. Tairi la matope lina nafasi pana kati ya kashata ili lizungukapo litupe nje lilichokula, na kashata safi zishuke tena kuuma. Kwa hiyo kazi ya meno hayo ni mbili, kuuma na kutema, na ya pili ndiyo kubwa. Mzee aliongeza ufundi wa upepo. Palipokuwa na tope refu au mchanga alitoa upepo katika matairi, wayo ukawa mrefu na mpana, uzito ukagawanyika, gari likaelea juu badala ya kuzama. Kisha, penye ardhi ngumu, alimtuma utingo kujaza tena kwa pampu ya mkono, na utingo alinung'unika.

Elimu hii ikawa fahari ya yule utingo alipokuwa dereva mwenyewe. Alilitambua tairi kwa kuligonga. Alidharau vipara, akadharau zaidi wenye kuvipanda. Yeye na wenziwe waliamini kanuni moja iliyo nyepesi kukumbuka: meno yakizidi, usalama umezidi.

Mwaka 2011 alihamia Calgary, katika jimbo la Alberta huko Kanada, kumfuata mkewe aliyepata kazi ya uuguzi. Alipojikusanyia fedha kidogo alinunua pikapu kuukuu, ikiendeshwa na magurudumu yote manne, na jambo la kwanza alilolifanya ni kuivika matairi ya matope. Jirani mmoja alimwuliza kama hayo ndiyo atakayopita nayo baridi. Dereva alicheka. Mtu aliyepita Somanga katika mvua za El Niño aulizwe habari ya utelezi!

Theluji ya kwanza ilipoanguka ilimpa haki. Ilianguka usiku kucha, ikafika chini ya goti, na asubuhi magari madogo yalizunguka magurudumu yakiwa pale pale. Pikapu ikatoka uani kama lori litokavyo gereji. Aliwavuta majirani wawili kwa mnyororo, na mmoja wao alikuwa yule aliyeuliza. Jioni aliwapigia simu watu wa kwao akasema kuwa theluji ni tope jeupe.

Neno hilo lilikuwa na nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ni chakula kibaya kwa mtu mwenye fahari. Theluji mpya iliyo nene hukatwa na kashata ndefu kama tope likatwavyo. Lakini tope hushindwa kwa kutemwa, ilhali theluji hushindwa kwa kutunzwa. Chembe zake zikishindiliwa hushikamana, ndiyo sababu watoto huweza kuifinyanga donge. Tairi la baridi lililochongwa vizuri huibana theluji katika mifereji yake na kuishikilia, na theluji iliyo ndani ya tairi hushikana na theluji iliyo chini, maana theluji hushika theluji kuliko mpira uishikavyo. Yaani lile tairi lisilotapika, ambalo mzee wa barabara ya kusini alilihesabu kuwa maiti, katika nchi ya theluji iliyoshindiliwa ndilo lililo hai. Watu wa Kaskazini waliyajua haya mapema. Tairi la kwanza duniani lililotengenezwa makusudi kwa baridi lilitoka Finland mwaka 1934, na halikutengenezwa kwa motokaa za wakubwa bali kwa malori, kwa sababu ndiyo yaliyolazimika kupita barabara zisizofagiliwa. La motokaa ndogo lilifuata mwaka 1936.

Calgary ina desturi ya hewa ambayo mgeni haitazamii. Katikati ya kipusa, upepo wa vuguvugu uitwao Chinook hushuka kutoka Milima ya Rocky, na kwa saa chache joto hupanda kwa digrii nyingi. Theluji huyeyuka barabarani mchana, watu hufungua makoti, na mtu wa Lindi hudhani kuwa kiama cha baridi kimefika. Upepo ukikoma, baridi hurudi usiku, na maji yote yaliyotanda juu ya lami huwa kioo.

Asubuhi moja ya namna hiyo, mwezi wa Januari, alikuwa akimpeleka mwanawe shuleni. Mtoto alikuwa na miaka sita, amekaa nyuma, anaimba. Barabara iliteremka kidogo kuelekea njia panda, na taa ilikuwa nyekundu. Mwendo wake haukuwa mkubwa, kilometa 30 kwa saa, pengine chini. Akakanyaga breki. Kanyagio likatetemeka mguuni kama kitu chenye uhai, na gari halikubadili mwendo. Alizungusha usukani, magurudumu ya mbele yalitii, gari halikutii. Lilikwenda mbele taratibu, kwa adabu, bila ya mlio wowote, likaingia katikati ya njia panda chini ya taa nyekundu, na lori la kuzoa taka lililokuwa likija kutoka kulia likapiga honi mara moja, ndefu. Lori lile lilipita nyuma yake kwa kadiri ya urefu wa mkono. Pikapu ikasimama yenyewe upande wa pili, ilipogusa mchanga uliomwagwa na watu wa manispaa. Mtoto alikuwa ameacha kuimba. Akauliza, "Baba, mbona hukusimama?"

Swali hilo halikumwachia usingizi. Tope la Rufiji halikupata kumfanyia hivyo. Tope hukamata, humchelewesha mtu, humtia njaa na hasara. Lakini lenyewe ndilo breki. Aliyekwama hawezi kumgonga mtu. Kwa miaka kumi na zaidi alikuwa amejifunza kwenda mahali pasipotaka kuachia, na hapakuwa na siku aliyofundishwa kusimama mahali pasipotaka kushika. Magurudumu manne yenye kusukuma humsaidia mtu kuondoka. Katika kusimama, gari lenye kusukumwa na mawili na lenye kusukumwa na manne ni ndugu sawa, kwa kuwa yote mawili hufunga breki manne.

Hesabu yake si ngumu, na mwanafunzi wa fizikia wa kidato aweza kuifanya. Lami kavu huweza kulizuia gari kwa nguvu iliyo kama sehemu saba katika kumi za uzito wake. Theluji iliyoshindiliwa hutoa kama sehemu mbili. Barafu hutoa moja, na ikiwa imelowa hutoa pungufu ya moja. Basi gari liendalo kilometa 50 kwa saa husimama kwa mita 14 katika lami kavu, karibu mita 50 katika theluji, na karibu mita 100 katika barafu, ambao ni urefu wa kiwanja cha mpira. Tena barafu iliyo mbaya si ile ya baridi kali. Michael Faraday alieleza huko London mwaka 1850 kuwa uso wa barafu huwa na utando mwembamba wa maji hata chini ya kiwango cha kuganda, na utando huo huongezeka baridi ipunguapo. Katika digrii 25 chini ya sifuri barafu hukwaruza. Karibu na sifuri huteleza kuliko kitu chochote kilichopata kutandikwa chini ya gurudumu. Chinook huleta hii ya pili.

Fundi wa gereji aliyemwendea, mtu wa maneno machache, alimwonyesha kosa lake kwa kidole. Alikibonyeza kipande cha kashata ya tairi la matope kwa ukucha, kikakataa. Alikibonyeza cha tairi la baridi lililokuwa ukutani; kikaingia. Mpira wa tairi la matope huchanganywa uwe mgumu ili mawe na visiki visiukate, na baridi huuzidishia ukavu, hata ukawa kama kwato. Mpira wa baridi huchanganywa ubaki laini, kwa sababu barafu haiumwi, bali hukumbatiwa. Kisha fundi akamwonyesha chale. Kila kashata ya tairi la baridi ilikuwa imechanjwa chale nyembamba nyingi, unene wa karatasi au zaidi kidogo, na tairi likikanyaga chale hizo hufunguka, hunyonya ule utando wa maji, na kingo zake ndogo mia kwa mia hukwaruza uso wa barafu. Kashata kubwa za tairi la matope hazikuwa na chale hata moja. Zilikuwa na nafasi tupu pale palipotakiwa mpira, na mpira mgumu pale palipotakiwa kingo.

Chale hizo zina hadithi yake. John Sipe, Mmarekani, alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1923, na husimuliwa kuwa alikuwa mtu wa machinjioni aliyechoka kuteleza katika sakafu iliyolowa, akachanja soli za viatu vyake kwa kisu. Hadithi za wavumbuzi hupambwa, lakini hii inastahili kuwa kweli.

Dereva akauliza juu ya alama iliyokuwa ubavuni mwa tairi fulani la kati, lisilo la matope wala la baridi halisi: mlima wa vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Alama hiyo ilianza kutumiwa Marekani na Kanada mwaka 1999. Hutolewa kwa tairi lililoshinda kipimo cha kuvuta gari mbele juu ya theluji iliyoshindiliwa. Ni alama ya haki, nayo ni bora kuliko zile herufi za M na S, zenye maana ya tope na theluji, ambazo hutazama umbo la kashata tu. Hata hivyo, atakayeisoma kwa uangalifu ataona kilichoachwa. Barafu haimo katika kipimo hicho, wala kusimama hakumo. Fundi alisema hayo bila ya kuulizwa mara ya pili, na huu ni uaminifu wa nadra kwa muuzaji.

Alinunua manne ya baridi. Yale ya matope aliyatia bandani, na kila alipoyaona kipusa hicho aliyaona kama mtu aonavyo rafiki aliyemdanganya bila ya kukusudia.

Yangalikaa humo hadi leo kama mpwa wake, dereva wa Lindi, hangalisikia habari zake. Mpwa aliyaomba, yakapelekwa kwa meli ndani ya kontena la bidhaa za watu wengine. Huko yalirudi katika milki yao: barabara za vijijini za korosho, masika, tope la kweli. Mpwa aliyasifu mno katika simu. Lakini barabara kuu ya kusini haikuwa tena ile ya mjomba wake. Kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa kimekwisha kutiwa lami, na mtu alitoka shambani kwenye tope akaingia lami ndani ya nusu saa, mvua ikiwa ile ile moja.

Mvua juu ya lami ina sheria ya nne, si ya tope, wala ya theluji, wala ya barafu. Hapo tairi hupigana na maji yenyewe, na maji hayabanwi. Ama yapishwe, ama yanyanyue. Mwaka 1963 wataalamu wa Marekani katika kituo cha utafiti cha Langley, waliokuwa wakichunguza magurudumu ya ndege, waliandika kuwa mwendo ambao tairi huanza kuelea juu ya maji, maji yakiwa yameyashinda mapito yake, hutegemea upepo uliomo. Hupatikana, kwa maili, kwa kuzidisha kipeuo cha pili cha upepo huo kwa 10 na kitu kidogo. Tairi lenye paundi 36 huelea karibu na kilometa 100 kwa saa. Lenye paundi 16 huelea karibu na kilometa 67. Mifereji ya tairi jipya la matope hupitisha maji mengi, na hii ni sifa yake. Ila mpira wake mgumu, uliopungua mguso, hushika lami iliyolowa vibaya kuliko tairi la kawaida, na kashata zikilika hata hiyo sifa huondoka.

Matairi yale yalikuwa yamelika. Na mpwa, kwa ufundi uliotoka kwa mzee wa Zambia, ukapita kwa mjomba, ukafika kwake, alikuwa ametoa upepo shambani ili atoke katika tope. Alipoingia lami hakujaza. Mbele kidogo ya Somanga, penye dimbwi pana, usukani ukawa mwepesi kama usukani wa mchezo wa watoto, gari likageuka kutazama lilikotoka, likasimama katika majani. Hakuumia. Alipiga simu usiku ule ule, sauti yake ikiwa ndogo.

"Mjomba, matairi yako yameniacha."

"Ulijaza upepo?"

Kimya. Mjomba hakumkemea. Alimwuliza kama abiria wote wamefika kwao, kisha akamweleza habari ya taa nyekundu ya Calgary, ambayo kwa miaka mingi hakuwa amemweleza mtu wa kwao hata mmoja, kwa kuwa simu zake za kwanza zilikuwa zimejaa sifa za tope jeupe.

Tangu siku hiyo mvua ikinyesha kusini huulizana kwanza habari ya upepo, ndipo habari ya wazazi. Mwezi wa Mei mwaka 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipopita, barabara ya Lindi ilikatwa na maji Somanga, na malori yakapangana tena kama zamani. Simu ilifika Calgary alfajiri.

"Mjomba, shikamoo. Tairi mpya. Upepo paundi 36, nimepima mwenyewe."

"Marahaba. Basi umepita?"

"Sijapita, mjomba. Barabara yenyewe haipo."